Nyumba Imepigwa Mnada, Deni Limebaki

Barua ililetwa na kijana wa pikipiki asubuhi ya Jumanne moja, mwezi wa Novemba 2022, katika nyumba ya kupanga huko Tabata, Dar es Salaam, ambako kaka yangu alikuwa amehamia na familia yake miezi kumi na minne kabla, baada ya nyumba yake ya Kinyerezi kupigwa mnada. Alinipigia simu akaniambia, "Mdogo wangu, njoo uisome mwenyewe, maana nadhani wamekosea mtu." Hawakuwa wamekosea. Benki ilikuwa inamtaka alipe shilingi 33,900,000 ndani ya siku kumi na nne, ikieleza kwamba fedha zilizopatikana kwa kuuza nyumba hazikutosha kumaliza mkopo, na kwamba asipolipa yeye na mdhamini wake watafikishwa mahakamani.

Mama, ambaye alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele, aliuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi tangu siku hiyo kutoka kwa watu waliosoma na wasiosoma: "Si wameshachukua nyumba? Sasa wanadai nini tena?"

Ninaandika haya kwa sababu swali la mama ni la haki, na jibu lake linajulikana na wachache mno kati ya watu wanaopeleka hati zao benki. Mimi ni mhasibu, si wakili, na mengi ya kisheria nitakayoyaeleza niliyajifunza kwa kukaa na wakili tuliyemtafuta baadaye, na kwa kuisoma Sheria ya Ardhi kifungu kwa kifungu usiku baada ya kazi. Yapo mambo ambayo tungeyajua kabla ya mnada, familia ile isingeteseka namna ile.

Mtu anapokopa kwa dhamana ya nyumba anafunga mambo mawili kwa wakati mmoja, ingawa huwa anaona moja tu. La kwanza ni ahadi yake mwenyewe ya kulipa, iliyomo katika mkataba wa mkopo. La pili ni rehani, yaani nyumba inayowekwa ili ahadi ikivunjika mkopeshaji apate pa kushika. Nyumba ikiuzwa, rehani ndiyo iliyotumika. Ahadi ya kulipa inabaki palepale kwa kiasi ambacho hakijafikiwa. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, inamruhusu mkopeshaji kumdai mahakamani mkopaji aliyejifunga binafsi kulipa, na mikataba mingi ya mikopo ya nyumba na ya biashara humfunga mkopaji hivyo waziwazi. Kwa hiyo ikiwa deni ni milioni sitini na sita na mauzo yamezaa arobaini na mbili, zile ishirini na nne hazijafutika. Zimekuwa deni la kawaida lisilo na dhamana, linalomfuata mtu mwenyewe popote alipohamia.

Binamu yetu anayeishi Marekani alitutia moyo kwa simu kwamba huko mtu akishindwa anarudisha funguo na mambo yamekwisha. Nilikuja kugundua kwamba hata huko si kila mahali. Jimbo la California lilizuia tangu miaka ya 1930 wakopeshaji kudai salio, yaani deni linalobaki nyumba ikishauzwa, kwa mikopo mingi ya kununulia makazi, na mwaka 1940 likazuia pia kudai salio pale nyumba inapouzwa bila kupitia mahakamani. Lakini Florida mahakama inaweza kutoa hukumu ya salio, na tangu 2013 mkopeshaji ana mwaka mmoja tu wa kuidai kwa nyumba za makazi. Sheria ya Tanzania haina kinga kama ile ya California, na anayekopa Dar es Salaam kwa kutegemea hadithi za ng'ambo anajidanganya.

Hata hivyo, benki haiko huru kudai tarakimu yoyote inayoipenda, na hapo ndipo tulipopata pa kushikia.

Jioni ile tulisafisha meza ya chakula, tukatandaza makaratasi yote: mkataba wa mkopo wa shilingi milioni sitini wa mwaka 2018, aliochukua kaka ili kujaza duka lake la vifaa vya ujenzi Buguruni, notisi ya kushindwa kulipa, kipande cha gazeti chenye tangazo la mnada, na taarifa ya mkopo ya kurasa tisa ambayo wifi alikuwa ameiomba tawini. Nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikaanza kushuka mstari kwa mstari.

Siku ya mnada, Septemba 2021, deni lilikuwa milioni sitini na sita pamoja na riba na adhabu za kuchelewesha marejesho. Nyumba iliuzwa kwa milioni arobaini na tano. Gharama za dalali na matangazo zilikuwa milioni tatu na laki mbili. Hadi hapo hesabu ilieleweka, kwa kuwa sheria yenyewe imepanga foleni ya fedha za mauzo: kwanza kodi na tozo zinazodaiwa juu ya ardhi, kisha gharama za kuuza, kisha deni la mwenye rehani, yaani mkopeshaji, na kinachobaki, kama kipo, ni cha mwenye nyumba. Salio halisi la siku ile lilipaswa kuwa milioni ishirini na nne na laki mbili. Sasa ilikuwaje barua ikasema thelathini na tatu na laki tisa?

Jibu lilikuwa ukurasa wa saba. Tangazo la mnada lilisema mshindi atalipa asilimia 25 papo hapo na kiasi kilichobaki ndani ya siku 14, na tulijua kwamba mnunuzi alikamilisha malipo kwa wakati, kwani alihamia mwezi uleule. Lakini fedha zile ziliingizwa kwenye akaunti ya mkopo ya kaka yangu baada ya miezi minne. Kwa miezi yote minne riba iliendelea kukokotolewa juu ya milioni sitini na sita nzima, kana kwamba nyumba haijauzwa, na hilo peke yake liliongeza takriban milioni nne. Kwenye salio hilo lililovimba ikaja riba ya miezi kumi mingine, milioni nne na ushee, na mwishoni kukawa na mstari mmoja wa "gharama za ukusanyaji" wa karibu milioni moja na nusu usio na kiambatisho chochote. Nimefanya kazi ya vitabu vya hesabu kwa miaka mingi, na sijaona mstari ulionikera kama ule.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayepokea barua ya namna hiyo ni kutosaini chochote, kutolipa "kidogo cha kuonesha nia njema", na kutokiri tarakimu kwa maandishi kabla ya kudai mchanganuo kamili unaoonesha tarehe ambayo mnunuzi alilipa na tarehe ambayo fedha hizo ziliingizwa kwenye mkopo.

Wakili alipoona makaratasi hakuanza na riba. Aliuliza, "Nyumba za jirani zinauzwaje?" Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mwenye rehani anayeuza atimize wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana kwa wakati huo. Na ikiwa bei iliyopatikana iko chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei za soko za mali inayofanana nayo, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, hadi muuzaji athibitishe vinginevyo. Mwenye nyumba anaweza kuiomba mahakama itamke kuwa mauzo ni batili. Mzigo wa kujieleza unahamia kwa benki, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye kila mlango umemfungia.

Kaka na mimi tulikwenda Kinyerezi Jumamosi mbili mfululizo. Tulianza ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mauziano mengi hushuhudiwa, kisha tukawafuata majirani mmoja mmoja. Wawili walikubali kutuonesha mikataba yao ya mauziano. Wa tatu alitusomea bei akiwa ameushika mkataba mwenyewe, asitake tuuguse. Nyumba tatu za mtaa uleule, viwanja vya ukubwa unaokaribiana, zilizouzwa kati ya mwanzo wa 2021 na mwisho wake: milioni 76, milioni 81, milioni 83. Wastani ni milioni 80. Robo tatu ya hiyo ni milioni 60, na nyumba ya kaka ilikwenda kwa arobaini na tano. Tulimlipa mthamini wa mali aliyesajiliwa aandike ripoti ya thamani, maana maneno ya majirani hayatoshi mbele ya hakimu.

Naomba msomaji aipige hesabu hii pamoja nami. Kama nyumba ingeuzwa kwa bei ya mtaa, milioni themanini, deni lote lingelipwa, dalali angelipwa, na kaka yangu angetoka na karibu milioni kumi na moja mkononi. Kusingekuwa na barua.

Kwa nini bei ilianguka hivyo? Mnada ule ulifanyika asubuhi ya siku ya kazi, mbele ya geti, kukiwa na watu kama kumi na wawili, wengi wao majirani waliokuja kwa masikitiko wala si kwa kununua. Dalali aliita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Sheria ya Madalali inataka tangazo la umma lisilopungua siku kumi na nne kabla ya kuuza ardhi kwa mnada, tena kwa njia itakayowafikia hata wasiojua kusoma. Tangazo letu la gazeti lilikuwa na siku tisa. Hakuna aliyezihesabu wakati ule, nami nikiwemo, na hilo bado linaniuma.

Na kuna jambo ambalo kaka angeweza kulifanya mapema zaidi. Sheria ya Ardhi inampa mkopaji aliyeshindwa kulipa notisi ya siku 60, inayopaswa kumweleza amekosea nini, anadaiwa kiasi gani na afanye nini kurekebisha. Siku hizo sitini wengi wetu huzipoteza kwa aibu: simu inazimwa, barua inawekwa chini ya godoro, mke haambiwi. Wakati huohuo ndio ambao mwenye nyumba anaweza kumtafuta mnunuzi yeye mwenyewe, kwa ridhaa ya benki, akauza kwa bei ya soko na kulipa deni, kwa sababu haki yake ya kukomboa nyumba inaendelea hadi pale inapouzwa kweli. Mtu anayeuza nyumba yake kwa hiari, geti likiwa limepakwa rangi na mnunuzi akikaribishwa ndani hadi jikoni, hapati bei ya mtu ambaye nyumba yake imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.

Sasa nije kwa wifi yangu, maana sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinasema rehani ya nyumba ya ndoa haiwi halali bila ridhaa ya mwenzi. Kwa hiyo siku ya kusaini mkopo, mwaka 2018, wifi aliitwa tawini. Alikuwa amechukua ruhusa ya saa mbili shuleni anakofundisha. Anakumbuka kwamba afisa mikopo alimwekea karatasi mbele akimwonesha kwa kidole pa kusaini, "hapa, na hapa, na hapa mama," naye akasaini akijua anakubali nyumba iwekwe rehani. Usiku ule mezani kwa kaka niligeuza nakala moja baada ya nyingine, nikaikuta sahihi yake chini ya ridhaa ya mwenzi, kama ilivyotakiwa, kisha nikaikuta tena chini ya hati nyingine ya kurasa mbili, ya Kiingereza, ambayo ilikuwa udhamini binafsi. Nilimtafsiria polepole. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo wifi, hata mshahara wangu?"

Hizi ni karatasi mbili tofauti kabisa. Anayetoa ridhaa ya mwenzi anakubali nyumba itumike kama dhamana. Hajawa mdaiwa, na nyumba ikiuzwa kwa hasara, salio halimhusu kwa sababu ya ridhaa hiyo. Anayesaini udhamini anabeba deni kama mkopaji mwenyewe, na mkopeshaji anaweza kumgeukia kwa kiasi chote kilichobaki. Hali ni hiyohiyo kwa mzee anayetoa hati yake kwa mkopo wa mwanawe: akiwa ameweka rehani tu, hasara yake inaishia kwenye nyumba, ambayo tayari ni hasara kubwa; akiwa amesaini na udhamini, anafuatwa hata baada ya kuhama. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, na sioni sababu yoyote ya maana ya mwalimu wa shule ya msingi kuwekewa hati ya kumfunga maisha kwa lugha nyingine, tena bila kusomewa. Anayeitwa kusaini aombe nakala siku moja kabla, na aulize swali moja kwa kila karatasi: hii inanifanya nani?

Wakili alitueleza pia nini kingetokea kama benki ingeshinda kesi ya salio. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakinga, kwa deni la kawaida, nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mkewe na watoto wanaomtegemea. Kinga hiyo haikusaidia Kinyerezi kwa kuwa nyumba ile iliwekwa rehani kwa hiari, lakini ingekinga nyumba nyingine atakayoijenga na kuishi humo. Haikingi kiwanja kitupu. Kaka alikuwa na kiwanja kimoja Chanika alichokinunua zamani kwa ajili ya watoto, na hicho kingekamatwa, pamoja na bidhaa za dukani na fedha zilizoko benki. Vilevile sheria inaruhusu, kwa ombi la mshindi wa kesi, mdaiwa asiyelipa kuwekwa kizuizini kama mfungwa wa madai. Nililazimika kumficha mama habari hiyo ya mwisho.

Wapo waliotushauri tufungue kesi ya kubatilisha mauzo, turudishiwe nyumba. Tulilifikiria kwa wiki nzima. Mnunuzi alikuwa tayari anaishi pale na watoto wake, alikuwa amejenga uzio, na sheria inamlinda mnunuzi wa nia njema ambaye hakujua dosari za mauzo. Mtu aliyedhurika na mauzo yaliyokiukwa anabaki na haki ya kudai fidia kwa aliyeuza. Kaka yangu hakutaka kuitoa familia nyingine barabarani, na mimi nilikubaliana naye, ingawa najua wengine wangeamua tofauti na wasingekuwa na kosa. Tuliamua kutumia dosari zile kulipunguza deni.

Barua ya wakili ilikuwa na kurasa nne. Iliambatanishwa na ripoti ya mthamini, nakala za mikataba miwili ya majirani, tangazo la gazeti lenye tarehe yake, na jedwali nililoliandaa mimi la riba ya miezi minne. Ilieleza kwamba kesi ikifunguliwa, nasi tutadai fidia ya tofauti kati ya bei ya soko na bei ya mnada. Majibu yalichukua wiki tano. Tuliitwa kikaoni mara tatu, na katika kikao cha kwanza ofisa mmoja alimwambia kaka kwamba deni lile "limeshafutwa vitabuni, sisi tunakusaidia tu ulimalize." Nawaomba wasomaji wasidanganyike na maneno hayo. Benki inapofuta mkopo vitabuni inarekebisha hesabu zake za hasara. Haijamsamehe mtu, na jina lake linaendelea kuonekana katika kanzidata ya taarifa za wakopaji ambayo kila mkopeshaji huiangalia kabla ya kutoa mkopo mwingine.

Mwisho wa yote, Oktoba 2023, walikubali salio liwe milioni tisa, lilipwe kwa miezi kumi na minane, laki tano kila mwezi, bila riba. Si ushindi mkamilifu, kwa kuwa kwa hesabu yangu kaka hakupaswa kudaiwa hata shilingi. Lakini laki tano ilikuwa kiasi ambacho duka, hata lilivyokuwa limedhoofika, liliweza kukitoa, na kiwanja cha Chanika kilibaki.

Malipo ya mwisho yalifanyika Aprili 2025. Tulikwenda tawini watatu, kaka, wifi na mimi, kuchukua barua ya kumaliza deni. Waliyotupa mara ya kwanza ilisema kwamba akaunti ya mkopo imefungwa, basi. Tuliirudisha palepale kwenye kaunta, kwa sababu kufungwa kwa akaunti hakusemi kwamba hakuna madai yaliyobaki, na jina la wifi halikuwemo kabisa. Tulikaa kwenye viti vya plastiki hadi saa tisa alasiri. Barua ya pili ilisema kwamba benki haina dai lolote dhidi ya mkopaji kutokana na mkopo ule na mauzo ya nyumba ile, kwamba udhamini wa wifi umeachiliwa, na kwamba taarifa za wote wawili zitarekebishwa katika kanzidata ya wakopaji. Wifi aliisoma mwenyewe mara mbili, safari hii kwa Kiswahili, akaomba nakala tatu zenye mhuri.